Kitenzi kirudi kwenye vichwa vya makala

Soma kichwa hiki, cha aina tunayoiandika kila mwaka katika kitivo chetu: "Uchambuzi wa matumizi ya maneno ya mkopo ya wanafunzi". Kilicho cha wanafunzi ni kipi, matumizi au maneno? Sarufi haisemi. Nomino zote mbili ni za ngeli ya 6, zote zinachukua "ya", na msomaji anabaki kubahatisha.

Kupanga nomino nyuma ya nomino tumekuzoea katika Kifaransa, lugha ya kazi zetu nyingi. "Contribution à l'étude de" imekuwa "Mchango katika uchunguzi wa": maneno manne, na bado hatujasema lolote.

Kiswahili kina njia yake: "Wanafunzi wanavyotumia maneno ya mkopo". Wa- inamtaja mtendaji, -na- inataja wakati, -vyo- inaonyesha kwamba tunachunguza namna. Utata umekwisha, na kichwa kimefupika.

Lakini ufupi si hoja yangu kubwa. Kitenzi kinamdai mwandishi. Chukua "Upotevu wa lugha za asili mjini". Nani anazipoteza? Lugha haidondoki njiani kama ufunguo. Kuna wazazi walioacha kuizungumza na watoto wao, kuna shule inayofundisha kwa lugha nyingine. Ukiandika "Wazazi wanavyoacha kuwarithisha watoto lugha zao", umewataja watu, na sasa lazima uthibitishe kwamba ni wao, tena kwamba ni leo. Kama data yako ni kumbukumbu za wazee, -na- itakusuta. Nadhani ndiyo sababu tunakikimbia kitenzi. Nomino haiulizwi maswali.

Baadhi ya walimu wetu husema kichwa cha nomino ndicho alama ya sayansi. Mbona wanabiolojia wanaandika vichwa vyenye sentensi kamili, na hakuna anayewaita watunga hadithi? Kuhusu urahisi wa kutafuta maktabani, maneno muhimu yanabaki palepale.

Sisemi nomino zifukuzwe. Anayeeleza lugha tu, zinamtosha: mwaka 1968 Edgar Polomé alichapisha makala yenye kichwa cha maneno mawili, "Lubumbashi Swahili", bila hata "uchunguzi wa". Ila yeye hakuficha mtendaji yeyote.

Mada yangu ya mwaka huu imefika idarani ikiwa na kitenzi. Msimamizi bado hajaitia sahihi.