MAONI: Kijana, kuna Tao nyingine mbali na ile unayoenda kwa matatu

Fungua simu yako sasa hivi uhesabu ni wangapi wanakuambia uongeze bidii. Amka saa kumi alfajiri. Anzisha hasla ya pili. Usingizi ni umaskini. Kijana wa Nairobi, Mombasa au Kisumu amelishwa stori hii tangu amalize shule: kama hujaomoka, ni kwa sababu hujajituma vya kutosha.

Stori hiyo ni nusu tu. Nusu iliyobaki iliandikwa China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na naamini itakufaa kuliko video kumi za motisha. Inaitwa Utao, kutokana na neno la Kichina Tao, yaani njia. Usichanganye na ile tao yetu ya kushukia matatu.

Kitabu chake kikuu ni Tao Te Ching. Kina sura 81 fupi fupi, herufi za Kichina 5,000 hivi. Jam ya Thika Road ikiwa mbaya, unaweza kukimaliza kabla hujashuka. Inasemekana kiliandikwa na mzee aitwaye Laozi, ingawa wasomi bado wanabishana kama aliwahi kuishi. Ila kitabu chenyewe ni cha kale kweli. Mwaka 1993, sehemu zake zilipatikana ndani ya kaburi huko Guodian, mkoani Hubei, zimeandikwa kwenye vipande vya mianzi vya takriban mwaka 300 Kabla ya Kristo.

Sikuambii ubadili dini. Utao una mahekalu na makuhani wake, na ni mojawapo ya dini tano zinazotambuliwa rasmi na serikali ya China. Wewe endelea na kanisa lako au msikiti wako. Ninachotaka uazime ni wazo moja tu, linaloitwa wu wei.

Ukilitafsiri neno kwa neno, wu wei ni "kutotenda". Hapo ndipo wengi hupotea. Wanadhani ni ruhusa ya kulala hadi saa sita mchana ukingoja kazi ikubishie hodi. La hasha. Wahenga wetu walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wu wei ni kutolazimisha. Unafanya kazi, tena kwa makini, lakini hupigani na jinsi kitu kilivyo.

Zhuangzi, mwanafikra wa karne ya nne Kabla ya Kristo, anatajwa kwa kisa cha mpishi aitwaye Ding aliyekuwa akipasua ng'ombe mbele ya bwana wake. Mpishi wa kawaida hubadilisha kisu kila mwezi kwa sababu anapiga mifupa kwa nguvu. Aliye hodari hubadilisha kila mwaka. Ding alikuwa na kisu kimoja kwa miaka 19, amepasua maelfu ya ng'ombe, na makali yalikuwa kama yametoka kwenye kinoo. Siri yake ni kwamba hakupiga mfupa. Alipitisha kisu kwenye nafasi iliyo katikati ya viungo. Akifika mahali pagumu alipunguza mwendo, akatazama, akasogeza kisu kidogo tu. Nenda bucha yoyote mtaani umtazame mwenye uzoefu akikata nyama, utaelewa.

Sasa, kisu ni wewe. Nguvu zako, usingizi wako, akili yako. Swali ni unapiga nini.

Chukua suala la kazi. Kutuma CV ileile kwa kampuni mia mbili ambazo hazijatangaza nafasi ni kupiga mfupa. Kila kimya chao kinakunyang'anya makali. Nafasi kati ya viungo huwa mahali pengine: ni ile kazi ndogo ambayo majirani hukuita kila mara bila wewe kujitangaza, au yule mtu wa mtaa wako anayefanya unachotaka kufanya na angekubali umsaidie Jumamosi. Bidii ni ileile, ila inapita mahali panapopitika.

Chukua pesa. Umebashiri mechi, umepoteza Sh500, sasa unataka kukopa Sh1,000 kwa simu ili uzirudishe. Huko ni kulazimisha kilichokataa. Zilizoenda zimeenda. Weka simu chini.

Au mahusiano. Mtu amesoma ujumbe wako na hajajibu tangu jana. Wewe ushaandika aya nne za hasira, kidole kiko tayari kutuma. Tao Te Ching ina picha nzuri ya maji yenye matope. Wewe mwenyewe unayajua: ukichota maji baada ya mvua na kuendelea kuyakoroga, hayatakuwa safi hata siku moja. Ukiiacha ndoo itulie, matope yanashuka chini yenyewe. Ngoja hadi asubuhi. Nusu ya zile aya utazifuta mwenyewe.

Najua kuna msomaji anauliza: si haya ni mahubiri ya kutuliza vijana wakubali kuonewa? Swali zuri. Lakini kitabu hichohicho kina maneno makali kwa watawala. Kinasema wazi kwamba wananchi wanapolala njaa, chanzo ni wakubwa wanaokula kodi kupita kiasi. Kijana aliyeingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, hadi Rais akakataa kuutia saini, hangeona jambo geni hapo. Kitabu hicho pia kinasifu maji: hakuna kitu laini kama maji, lakini hakuna kinachoyashinda kwa kula mwamba. Kutolazimisha si kunyamaza.

Tena mimi naona ni ile injili ya hasla inayotunyamazisha. Inakuambia ukikosa kazi, kosa ni lako, ungeamka mapema. Hivyo hutamuuliza mtu yeyote kwa nini kazi hazipo. Utao unakuruhusu kuona ukweli: mfupa ni mfupa. Haugeuki nyama kwa sababu umeamka saa kumi. Mingine inahitaji tuiondoe pamoja, kwa kura na kwa sauti, wala si wewe peke yako kitandani ukijilaumu usiku wa manane.

Basi wiki hii jaribu hivi. Chagua jambo moja unalolilazimisha, liwe mtu, deni la kamari au ndoto ya kuiga maisha ya mtu wa mtandaoni. Liache siku saba bila kuligusa. Utumie nguvu hizo kutafuta panapopitika. Siku saba zikiisha na huoni tofauti, rudi kwa video zako za motisha, hakuna atakayekulaumu. Lakini kabla ya hapo, pumzisha kisu. Huna kingine.