Wasichana wa Nashville

Twasikia mara kwa mara katika vikao vya michezo, na hata katika vyumba vya walimu, kwamba chuo kisicho na fedha hakiwezi kutoa wakimbiaji. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, wala hatukusudii kuyadharau. Lakini kabla mtu hajayafanya kisingizio, twamwomba atazame habari ya chuo kimoja cha Nashville, katika jimbo la Tennessee, huko Marekani.

Chuo hicho, kiitwacho leo Tennessee State University, kilifunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya watu weusi, kwa kuwa sheria ya jimbo iliwakataza kuketi darasa moja na wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 timu yake ya mbio ya wasichana ilikabidhiwa kwa Ed Temple, aliyekuwa pia mwalimu wa elimu ya jamii. Kiwanja chake kilikuwa njia ya udongo tu. Ruzuku ya masomo kwa wanamichezo wanawake haikuwapo; msichana alifanya kazi saa mbili kila siku chuoni ili apate karo. Walisafiri kwa gari, wakipita katika majimbo ambayo mwenye kituo cha petroli aliweza kumwuzia mtu mweusi mafuta na papo hapo kumnyima choo. Walikula walichofungasha, wakajisitiri vichakani, kisha wakashuka garini kwenda kushindana. Msomaji na alikumbuke jambo hili asomapo hesabu ya medali.

Mwaka 1960, mjini Rome, Wilma Rudolph, ambaye utotoni aliugua polio akavaa chuma mguuni, alipata medali tatu za dhahabu: mita 100, mita 200, na mbio za kupokezana kijiti. Katika mbio hizo za kupokezana wakimbiaji wote wanne walikuwa wa chuo hicho kimoja. Magazeti ya Italia yalimwita swala mweusi. Sisi twaona hakuhitaji kufananishwa na mnyama. Aliporudi kwao Clarksville, wakubwa walitaka kumpokea kwa desturi yao, wazungu mbali na weusi mbali. Alikataa. Wakalazimika kuandaa sherehe moja kwa wote, ya kwanza ya namna hiyo katika mji ule, na kwa maoni yetu ushindi huo haukuwa mdogo kuliko ule wa Rome.

Walimfuata wengine. Wyomia Tyus alishinda mita 100 mjini Tokyo mwaka 1964, akashinda tena Mexico mwaka 1968. Hakuna mtu, mume kwa mke, aliyepata kuutetea ushindi wa mbio hizo kabla yake. Edith McGuire alichukua dhahabu ya mita 200 Tokyo, naye Madeline Manning ya mita 800 Mexico. Kwa jumla wakimbiaji 40 wa Temple walikwenda Olimpiki, wakarudi na medali 23, kati yake 13 za dhahabu. Na hili latupendeza kupita medali: karibu wote walimaliza masomo yao.

Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa wanawake katika elimu inayosaidiwa na fedha za serikali kuu. Ilikuwa sheria ya haki, nasi hatuwezi kuipinga. Lakini vyuo vikubwa vyenye fedha, ambavyo kwa miaka mingi havikumjali msichana mwenye mbio, sasa vilianza kumtafuta kwa ruzuku na viwanja vya kisasa. Chuo kilichoifyeka njia kikajikuta kinashindania wasichana walewale na matajiri waliochelewa kuamka. Twauliza, je, nani amewahi kukilipa chuo hicho deni lake?

Temple aliendelea kufundisha hadi mwaka 1994. Timu ikapokewa na Chandra Cheeseborough, mwanafunzi wake mwenyewe, aliyekuwa amepata dhahabu mbili za kupokezana kijiti mjini Los Angeles mwaka 1984.