MTU WA SAUTI ALIPWE



Mabwana wanaotengeneza sinema za fedha kidogo hapa Nairobi wana neno moja ambalo limetuchosha masikio. Neno lenyewe ni "tutarekebisha baadaye." Kamera nzuri imekodiwa, taa zimekodiwa, nguo za waigizaji zimepigwa pasi. Maikrofoni iko wapi? Itatumika ile ndogo iliyo ndani ya kamera. Nani atashughulika na sauti? Yule kijana anayebeba taa, akipata nafasi. Na hii jenereta inayonguruma nyuma ya nyumba? Tutarekebisha baadaye.

Sisi twasema neno hilo si kweli, tena ni njia ya kumnyima mtu mshahara wake.

Msishangae kuona habari za sinema katika karatasi ya watu wa reli. Vijana wetu wengi waliokosa kazi ya mwezi ni vibarua katika sinema hizo. Mabwana wenyewe wazipenda landhi zetu, maana ukuta uliochakaa wapendeza machoni mwa kamera, na kodi yake ni maneno matamu tu. Halafu hadithi zao ni za watu kama sisi: mpangaji aliyefungiwa mlango, mtumishi wa nyumbani, kondakta wa matatu. Ikiwa maneno ya mtu huyo hayasikiki, kilichobaki ni picha ya maskini anayechezesha midomo. Tumeiona moja ya namna hiyo, iliyopigwa hapa kwetu. Mama mmoja alikuwa akisema jambo la uchungu juu ya mwanawe, na ukumbi mzima watu wakaulizana, "Amesema nini?" Hata waliokuwapo siku ya kupiga picha hawakuweza kujibu.

Kazi ya sauti ina sheria zake kama reli ilivyo na zake, na sheria hizo hazihongwi. Maikrofoni ikiwa futi 2 kutoka mdomoni, kisha ikasogezwa hadi futi 4, nguvu ya sauti yapungua kwa desibeli 6. Ikifika futi 8, zimepungua 6 nyingine. Lakini kelele ya chumba na ya barabara haipungui, kwa kuwa imeizunguka maikrofoni pande zote. Basi kamera ikisimama mbali ili ipate nyumba nzima, maikrofoni yake nayo yaisikia nyumba nzima, na mtu anayesema amekuwa kelele moja kati ya kelele nyingi. Dawa ni mtu mwenye ufito mrefu, aiweke maikrofoni juu ya kichwa cha msemaji, karibu kabisa na ukingo wa picha bila kuingia, naye amevaa hedifoni ili asikie kile kinachonaswa. Shikeni ufito huo dakika 10, mikono juu, kisha mje mtuambie kuwa hiyo si kazi.

Na kusikiliza ni ufundi. Wazee wetu waliujua. Fundi alipita kando ya mabehewa na nyundo yake, akagonga gurudumu moja moja: zima lalia kama kengele, lenye ufa lalia kama debe. Hakuna aliyemwambia agonge huku akibeba mizigo ya abiria. Mtu wa sauti katika sinema, yeye huambiwa abebe taa, akimbilie chai, aendeshe gari, na katikati ya hayo asikilize.

Mabwana hujibu kuwa siku hizi kuna programu za kompyuta za kuondoa kelele. Ni kweli zipo, na nyingine zina nguvu ya ajabu. Feni inayovuma kwa sauti moja zaweza kuipunguza. Lakini mvua juu ya mabati, mwangwi wa chumba kitupu, redio ya jirani, hizo huchanganyika na maneno kama mchanga katika unga. Ukizitoa kwa nguvu, na sauti ya mtu yatoka nazo, ikabaki kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Ndipo mwigizaji huitwa tena baada ya wiki kadhaa, akae chumbani mbele ya picha yake mwenyewe, ayaseme maneno yale yale kwa kufuata midomo. Ni kazi ngumu, na machozi ya siku ile hayaji kwa kuitwa. Analipwa nini? Vijana wetu wametuambia kuwa wamelipwa nauli. Hapo twaona ile akiba ya bwana ilitoka wapi. Hakuokoa fedha hata kidogo, amezitoa katika mfuko wa mwigizaji.

Tumkumbuke Ousmane Sembène wa Senegal. Alifanya kazi ya bandari huko Marseille, akawa mtu wa chama cha wafanyakazi, na kitabu chake cha mwaka 1960 chaeleza mgomo wa watu wa reli ya Dakar–Niger, wa mwaka 1947 hadi 1948. Sinema zake za kwanza zilikuwa za fedha kidogo kweli. Katika La Noire de… ya mwaka 1966, msichana wa kazi kutoka Dakar apelekwa Ufaransa na kuteseka nyumbani mwa Wazungu. Uso ni wa Mbissine Thérèse Diop. Sauti tunayoisikia si yake. Iliwekwa na Toto Bissainthe, mzaliwa wa Haiti, kwa Kifaransa. Hatumlaumu Sembène. Siku zile vyombo vilikuwa vizito na vya bei kubwa, na mwaka 1968, katika Mandabi, watu wake walisema Kiwolofu. Leo chombo cha kunasa sauti chaingia katika mfuko wa shati. Bwana wa leo anayempokonya mwigizaji sauti yake hana udhuru ule.

Watasema hawana fedha. Mablanketi matatu ya kutundika ukutani ili kuua mwangwi yana bei gani? Kuzima friji kuna bei gani? (Mwenye akili huweka ufunguo wa gari lake ndani ya friji hiyo, asiweze kwenda kwake bila kuiwasha tena. Nyama ya mwenye nyumba si ya kuozeshwa.) Na kukaa kimya wote kwa sekunde 30 kabla ya kutoka, ili kimya cha chumba kile kinaswe na kuziba nafasi kati ya maneno, ni shilingi ngapi? Wengine walitufokea kwa sababu treni ilipita wakati wa kupiga picha. Ratiba hubandikwa stesheni, na kuisoma ni bure.

Bei iko katika jambo moja, nalo ndilo wanalolikimbia: mtu. Aitwe mapema ayaone mahali kabla ya siku ya kazi, apewe kazi hiyo tu, na akisema "simameni, ndege inapita," wasimame.

Kwa hiyo twaliomba tawi likubali hivi. Anayetaka kupiga sinema katika landhi zetu aje kwanza mbele ya kamati, pamoja na mtu wake wa sauti, na karatasi iliyoandikwa ujira wa kutwa wa mtu huyo na wa waigizaji, pamoja na wa siku ya kurudia maneno. Kamera ibaki garini mpaka karatasi hiyo isomwe.