Goma: "Vumilia, mama" si mashauri ya ndoa

Miaka 26 ya ndoa, watoto 7, na sasa hawaongei ila kuulizana feza ya chakula. Chukua mfano wa bibi na bwana wa Sake; katika muji wa Goma wako wengi wa namna hiyo. Walikimbia vita Februari 2024, wakaishi mwaka mzima chini ya bashi kule Bulengo. Kambi ilipovunjwa Februari 2025, wakaomba chumba kwa jamaa, Ndosho. Mama anatoka mapema kwenda Kituku kungoja ndizi zinazovuka ziwa. Bwana, aliyelisha watu kwa jembe lake, anashinda mlangoni akingoja mama arudi na kitu.

Siku moja wanakubaliana kuomba mashauri. Hilo ni ujasiri: kwa watu waliozidi miaka 50, kusema mbele ya wengine kwamba nyumba imepoa ni haya kubwa. Na wanakuta nini? Wazee wamekaa kwa viti, mama anaulizwa wa kwanza: "Ulimfanyia nini bwana wako?" Hata hajamaliza, jibu liko tayari: vumilia, mama, mwanaume ni kichwa, zidisha maombi. Bwana anaambiwa apunguze hasira. Wanasali, wanaachana. Hiyo ni hukumu iliyokatwa kabla ya kesi kusikilizwa.

Wapo watakaosema wazee waliponya ndoa nyingi. Ni kweli, na wengi wanafanya kazi hiyo bila kulipwa hata franga moja. Lakini waliponya ndoa zilizokuwa na nyumba, shamba na ng'ombe. Baraza la jamaa lilikuwa na shangazi na mjomba waliojua ugomvi ulianzia wapi. Leo mmoja yuko Rutshuru, mwingine kambini Uganda, mwingine hajulikani alipo. Hata mbuzi wa kuombea musamaha atatoka wapi?

Halafu kuna lile lisilosemwa mbele ya watu. Chini ya bashi moja, kijana wa miaka 18 amelala hatua moja kutoka kwa wazazi: bibi na bwana watakuwa bibi na bwana saa ngapi? Mwaka mzima hivyo, mwili unasahau. Kuita hiyo kiburi cha mama ni uongo, na mwenye kusema hivyo anajua.

Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka bibi aombe ruhusa ya bwana hata kwenda mbele ya tribinali. Ruhusa hiyo iliondolewa Julai 2016. Washauri wengi bado wanaongea kana kwamba ipo.

Mshauri wa kweli anasikiliza kila mmoja peke yake kwanza, kisha wote pamoja, na si mara moja tu. Anauliza juu ya feza, usingizi, waliokufa njiani. Na akisikia kuna mapigo, kazi ya kupatanisha inasimama hapo hapo: mama apelekwe hospitali, asirudishwe kwa nguvu nyumbani eti kwa heshima ya ndoa.

Yule bwana wa Sake amekwisha kukaa mbele ya wazee mara tatu. Hakuna aliyemuuliza alipoteza nini, wala usiku anapata usingizi saa ngapi.