Rangi ya nywele ikikuharibikia, usirudie dawa

Huenda wewe ni miongoni mwa kina dada wanaonunua pakiti ya blichi katika duka la vipodozi na kujifungia bafuni, wakitarajia kutoka na nywele za dhahabu kama za yule msichana aliyechorwa kwenye pakiti. Badala yake wengi hutoka na nywele za rangi ya chungwa, zenye mabaka ya manjano huku na kahawia kule. Wazo linalowajia kwanza ni kupaka dawa tena.

Wiki hii tunakusihi uliondoe wazo hilo. Aghalabu si dawa ya kwanza inayozimaliza nywele, bali ni ya pili, ile inayopakwa usiku huo huo kwa hofu na haraka.

Ni vyema kwanza ufahamu kilichotokea. Weusi wa nywele zetu hutokana na rangi ya asili iitwayo melanini. Blichi huingia ndani ya unywele na kuivunja rangi hiyo hatua kwa hatua. Nywele hutoka kwenye weusi zikawa kahawia, kisha nyekundu, kisha chungwa, na mwisho manjano. Kwa hivyo rangi ya chungwa si ishara kwamba umeuziwa dawa mbovu. Ni kituo cha njiani, na nywele nyeusi sana ni nadra kukipita kwa siku moja bila kuumia.

Mabaka nayo yana sababu yake. Joto la kichwa huharakisha dawa, ndiyo maana nywele zilizo karibu na ngozi hung'aa kuliko ncha. Isitoshe, ukipaka nyuma ya kichwa bila msaidizi, ni rahisi kuruka sehemu.

Je, ufanye nini sasa?

Suuza kichwa kwa maji mengi ya vuguvugu mpaka dawa yote iishe, kisha utumie shampuu isiyo kali na kondishona. Usisugue kwa kucha. Iwapo ngozi inawaka moto, imetoa malengelenge au inachuruzika maji, hayo si mambo ya urembo tena. Nenda hospitali.

Halafu jaribu nguvu ya nywele. Chukua unywele mmoja ukiwa umelowa, uvute polepole. Ukinyumbuka kidogo na kurudi, nywele zingali na uhai. Ukivutika kama mpira bila kurudi, au ukikatika papo hapo, usizitie kemikali yoyote kwa sasa. Kata ncha zilizoharibika, tumia kondishona nzito kila unapoosha, na uweke kando pasi ya nywele na draya.

Ikiwa nywele zina nguvu, dawa ya rangi ya chungwa ni kuifunika. Kanuni wanayoitumia wasusi ni hii: buluu huzima chungwa, zambarau huzima manjano, na kijani huzima wekundu. Wengi hununua shampuu ya zambarau wakidhani itaondoa chungwa, kumbe hiyo ni ya nywele zilizokwisha kufika manjano. Kwa chungwa, tafuta rangi ya kahawia iliyoelekea majivu, nayo iwe ile ya muda ambayo haichanganywi na peroksaidi. Hiyo hukaa juu juu ya unywele na haiuchomi. Mabaka pia hurekebishwa kwa kutia giza sehemu zilizong'aa zifanane na nyingine, wala si kwa kuzichoma zile zilizobaki.

Usikimbilie nyeusi tititi. Nywele zilizopakwa blichi hufyonza rangi upesi, na weusi huo ukikuchosha, njia ya kuuondoa itakuwa blichi tena. Jaribu kwanza kwenye shungi dogo lililojificha. Kadhalika, paka tone la rangi nyuma ya sikio na usubiri saa 48, kwani rangi nyingi, hasa nyeusi, zina kemikali ambayo huwavimbisha watu wengine uso.

Kuna mambo mengine ya kuepuka. Peroksaidi inayochanganywa na blichi huuzwa kwa nguvu tofauti, kama asilimia 6, 9 na 12. Ile ya 12 huchoma ngozi haraka zaidi, kwa hivyo usiitumie nyumbani ukidhani unaharakisha kazi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nayo ni ya nguo. Usiitie kichwani hata kidogo.

Ikiwa nywele zako zimetiwa dawa ya kulainisha, hatari ni maradufu. Dawa hiyo tayari imeudhoofisha unywele, na blichi ikifuata, zinaweza kukatika na kubaki kwenye chanuo. Wala usikimbilie kuzilainisha baada ya blichi. Chagua moja, uache jingine.

Wale waliozoea hina pia wawe macho. Hina halisi ya majani haina neno, lakini baadhi ya hina za pakiti huongezwa chumvi za madini. Hizo zikikutana na peroksaidi huweza kutoa joto kali kichwani.

Wengine huficha aibu kwa kusuka siku inayofuata. Nywele dhaifu zikivutwa kwa misuko ya kubana hukatika kwenye mashina, na hasara huwa mara mbili. Heri kilemba kwa wiki chache.

Nanyi wazazi, tuna neno. Binti akitoka bafuni amejifunga taulo na macho yamemwiva kwa kulia, ilhali kesho ni Jumatatu na shule yake hairuhusu nywele za rangi, msianze kwa karipio. Binti anayeogopa kugombezwa ndiye atakayepaka dawa ya pili kisirisiri usiku wa manane. Kagueni ngozi ya kichwa kwanza. Mazungumzo ya nidhamu yanaweza kungoja asubuhi, lakini ngozi iliyochomeka haiwezi.

Kama uwezo upo, nendeni kwa msusi anayejua kazi ya rangi, na mwambieni kila kitu kilichopakwa, hata cha miezi iliyopita. Akificha, msusi hubahatisha.

Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Unywele uliochomwa hauponi, ila mpya utachipuka ukiwa na weusi wake, mradi ngozi haikuumia. Kwa hiyo ilinde ngozi, punguza ncha kidogo kidogo, na uwe na subira. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.