Wadau, Tuache Kuchekana Gym: Mwili Nao Una Hesabu Zake

Kuna tabia imeshamiri huku Mikocheni, inabidi tuiseme. Staa akitupia video anabeba chuma, nusu wanamwita mwamba, nusu wanamponda: "Mwili wote huo, kilo kiduchu hivyo?" Akitokea kijana mfupi akabeba zaidi yake, basi tena, staa anaambiwa misuli ya maonyesho.

Jamani, kubeba sio misuli tu. Mifupa ni nyenzo, maungio ndiyo egemeo. Fundi yeyote anajua: ukishika mtaimbo mwishoni jiwe linang'oka, ukiushika karibu na jiwe utatoka jasho la bure. Mwilini ni vilevile, ila urefu wa mifupa hukuuchagua wewe.

Chukua benchi. Tuseme mwenye mikono mifupi na kifua kinene anasukuma kilo 80 kwa sentimita 30. Mwenye mikono mirefu anazisukuma kilo hizohizo kwa sentimita 45. Kazi imeongezeka kwa nusu, na uzito haujaongezeka hata gramu! Ukija kwenye kuchuchumaa na chuma mabegani, mwenye mapaja marefu inambidi ainame zaidi mbele, mgongo wa chini ndio unaumia.

Ila kibao kinageuka kwenye kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Hapo mikono mirefu ni mtaji, maana hushuki sana kukifuata. Mmarekani Lamar Gant, mwenye mikono mirefu na uti wa mgongo uliopinda, mwaka 1985 alinyanyua kilo 300 akiwa na uzito wa kilo 60 tu. Mara 5 ya mwili wake!

Sisemi mazoezi hayana maana. Gant naye alisota miaka mingi. Nachosema ni kwamba kilo za mtu mwingine sio kipimo chako. Dogo anasoma komenti, kesho anaongeza vyuma ili asichekwe, kesho kutwa hawezi hata kuinama kufunga kamba za viatu. Mgongo ukienda, hao wanaocheka hakuna atakayekuja kukubebea ndoo ya maji.

Jipime na wewe wa mwezi uliopita, inatosha.

Haya mdau, umbo lako linakubeba kwenye zoezi gani, na lipi linakutesa? Tiririka hapo chini, bila matusi.