Gari Lako Liligongwa? Mwambie Mnunuzi

Kama gari lako liligongwa, likatengenezwa na sasa linang'aa, utamwambia anayekuja kulinunua? Usijibu haraka.

Broka mmoja wa Ngong Road aliniambia nifunge mdomo. "Buda, rangi imekaa poa. Akiuliza, sema haijawahi guswa." Sitakudanganya, nilitamani kumsikiza. Hiyo Vitz niliinunua baada ya kuacha chuo, nusu pesa za mathe, nusu za hasla zangu. Kila elfu ilikuwa na jasho.

Ajali yenyewe ilikuwa makosa yangu. Mvua, Thika Road, karibu na Roysambu, matatu ikasimama ghafla nami nilikuwa nimeifuata karibu mno. Bampa, boneti, taa moja na radieta vikaenda. Bahati nilikuwa na bima kamili. Ningekuwa na thadi pati pekee, ile sheria inalazimisha kila gari kuwa nayo, kampuni ingeshughulika na niliyemgonga. Vitz yangu ingenisubiri mimi na mfuko wangu.

Lakini kuna kitu wauzaji wa bima hawakuambii ukilipia: bima hulipia matengenezo, hailipii bei inayoshuka sokoni kwa sababu gari limewahi kugongwa. Hiyo hasara ni yako. Kinachoweza kuipunguza ni karatasi.

Kwa hivyo weka kila kitu: abstrakti ya polisi, ripoti ya mkadiriaji wa bima, risiti za spea, picha za kabla na baada. Na gereji ikikupa ile karatasi ya kusema umeridhika, usiitie sahihi ukiwa na haraka ya kurudi barabarani. Yangu ilikuja na boneti isiyofunga sawa. Nilikataa kusaini, wakanuna, gari likakaa wiki nyingine. Lakini walirekebisha.

Siku ya kuuza, wanunuzi wawili walisikia neno "ajali" wakapotea. Wa tatu alikuja na fundi wake. Nikawapa faili yote. Fundi akainama, akaangalia fremu, akasoma ripoti, akamwambia mteja wake gari liko sawa. Wakapunguza elfu hamsini. Iliniuma manze, lakini nilipokea pesa nikalala. Hakuna simu ya saa tano usiku ya "mbona hukuniambia?"

Wasee husema hii ni biashara, kila mtu ajichunge. Mimi nakataa. Kuna magari mtaani ambayo mifuko ya hewa ilifyatuka kwenye ajali, haikurudishwa, dashibodi ikashonwa na taa ya onyo ikazimwa. Mtu anaweka mtoto wake ndani akidhani amelindwa. Hapo humdanganyi bei tu. Na akigundua, anaweza kukupeleka kortini.

Nawe unayenunua, usiseme hukuonywa. Kutafuta rekodi za gari NTSA kutakuonyesha mwenyewe ni nani na kama kuna mkopo unaolidai. Hakutakuambia mlango ulinyooshwa. Enda mchana, jua likiwa kali, ulinganishe rangi ya kila upande. Angalia kama nati za boneti zina alama za spana na kama nafasi kati ya milango ni sawa. Lipa fundi wako mwenyewe, sio wa muuzaji, au upeleke gari likaguliwe na AA Kenya. Na ukikutana na muuzaji anayekuambia ukweli, usimkimbie kama wale wawili wangu. Tukiwaadhibu wanaosema, tutabaki na wanaoficha.

Kwa hivyo kabla hujaandika lile tangazo la "safi kabisa, haijawahi guswa", tafuta zile picha za ajali kwenye simu yako. Ziweke kando ya za sasa. Mnunuzi akiuliza, mwonyeshe zote.